Distributa ya Jacktone

Mimi si mtu wa kuona mapepo. Nauza vitunguu. Natoa magunia Malaba, nashusha mengine Busia, yaliyobaki nayapeleka nyumbani Budalang'i, na ukiniuzia gunia lililojazwa viozo katikati utajua kwa nini sokoni wananiogopa. Kwa hivyo hii ninayokuambia usiichanganye na habari za wale wanaosikia bundi na kukimbilia kwa pasta.

Jioni ile nilikuwa natoka Malaba na mzigo. Jua lilikuwa limezama upande wa Uganda, malori yamepanga foleni isiyo na mwisho, nami nikashika barabara ya Busia na Peugeot yetu. Ni pikapu nyeupe ya zamani, zile ambazo watoto wa siku hizi wamezoea kuziona zikiwa zimekaa juu ya mawe. Ilikuwa gari ya mume wangu, Jacktone. Tulikuwa tumemzika juzi juzi tu, hata viti vya matanga vilikuwa bado havijarudishwa.

Nilipokaribia Alupe nikasikia harufu.

Kitu kinaungua.

Niliangalia mshale wa joto, uko sawa. Nikaegesha kando, sikuzima injini, nikashuka na kufungua boneti. Hakuna moshi, hakuna waya ulioyeyuka. Nikapiga boneti ikafunga, nikalaani mafundi wote wa Malaba, nikarudi ndani na kuvuta mlango.

Mlango wa abiria nao ukafungwa.

Sikugeuka. Kwa pembe ya jicho niliona magoti mawili, na mikono imelazwa juu ya magoti. Giza lilikuwa limeanza kuingia na sura sikuiona. Lakini nani mwingine angeingia kwa gari hiyo bila kuuliza?

"Jacktone?" nilinong'ona.

Alikawia.

"Twende nyumbani," akasema.

Nikatia gia. Niliogopa, lakini nakuambia ukweli, nilikuwa na furaha. Nilipofika uani na kuzima injini, siti ilikuwa tupu.

Sasa ngoja nikueleze vile tulivyomzika, maana shida yote iko hapo.

Jacktone alikufa maji. Mto Nzoia ulipovunja kingo zake, alienda na vijana wengine kutoa watu waliokwama kwenye paa. Mtumbwi ukapinduka. Wenzake walipatikana, wengine wazima na wengine sivyo. Yeye hakupatikana. Tulitafuta kwenye mafunjo mpaka miguu ikaota fangasi.

Kwetu Wajaluo, mtu akichukuliwa na maji na mwili usionekane, huziki jeneza tupu. Linatafutwa tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia kwa kamba yake mtini. Linafungwa sanda, linalazwa ndani ya jeneza, linazikwa kwa jina lake. Hapo yule aliyepotea anajua nyumbani ni wapi. Anatulia.

Katekista wetu akakataa. Alisema yeye hawezi kusimama mbele ya watu na kuombea tunda. Maneno yakawa mengi, watu wamekaa kwenye jua wanataka kula waende, ndipo shemeji yangu Oluoch akapata njia ya katikati. Tuzike kitu chake. Kitu alichokishika kila siku ya maisha yake.

Na hapo hakuna aliyeuliza ni kitu gani. Sote tulijua ni distributa ya gari.

Kama hujui magari, distributa ndiyo inayogawa moto kwenda kwa kila plagi. Zile za zamani ndani yake zina pointi, vichuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana, tik, tik, tik. Vikishika uchafu, gari haliwaki. Ile yetu ilikuja na gari kutoka kiwandani, na Jacktone hakutaka kusikia habari ya kuibadilisha. Kila asubuhi alifungua kifuniko, akavisugua vile vichuma kwa kipande cha msasa, akaingia ndani, akagonga dashibodi mara mbili kwa mkono wa kushoto, maana alikuwa wa kushoto, ndipo akawasha. Mimi na yeye tuligombana juu ya hiyo distributa kuliko tulivyowahi kugombana juu ya ndugu zake. Kila dimbwi la maji gari linazima. Fundi wetu wa Malaba, Omuse, alimwambia mara nyingi, "Mzee, weka hii ya elektroniki, haina pointi, utasahau shida." Jacktone akawa anacheka. "Ya elektroniki ikifa imekufa. Hii orijino unaisugua kidogo, inaamka."

Basi nikampelekea Omuse gari. Akatoa ile ya zamani, akafunga ya elektroniki. Kitambaa cheupe nilimpa mwenyewe. Aliniletea imeshafungwa vizuri, na akanikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayejua kilio. Ikawekwa jenezani. Hakuna aliyeifungua, kwa sababu sanda ikishafungwa haifunguliwi. Hiyo ni heshima, mtu yeyote wa kwetu angefanya hivyo.

Mama mkwe peke yake ndiye aliyekataa.

"Yago inaoza," alisema, amekaa chini kando ya shimo. "Ikioza, mtu anaenda nayo pole pole mpaka anaisha. Sasa hicho chuma kitaisha lini?"

Oluoch akamwambia, "Mama, wacha basi." Udongo ukamwagwa.

Tangu ile jioni ya Alupe, akawa anakuja. Kila nikiwa barabarani na giza linaanza kuingia, injini ikinguruma, nasikia ule mlango. Halafu harufu. Nilizoea haraka, mtu huzoea chochote akiwa na upweke. Nilimweleza bei ya vitunguu. Nilimweleza kwamba Winny, binti yetu, amekataa kula vizuri tangu mazishi. Nilimnunulia njugu karanga, alikuwa anazipenda sana, nikaziweka kwenye siti pale. Hakujibu mengi. "Ndiyo." "Sawa." "Twende nyumbani."

Asubuhi nilipoenda kuokota zile njugu, zilikuwa nyeusi.

Zimeungua mpaka ndani.

Nilizitupa kwa kuku. Kuku hawakuzigusa.

Ndipo nikaanza kuangalia vitu ambavyo nilikuwa nimekataa kuviangalia. Mtu aliyekufa maji anafaa kunuka nini? Tope. Samaki. Huyu alinuka mpira ulioungua, na chini ya huo mpira kulikuwa na harufu nyingine ambayo ukishaisikia nyama choma hutaila tena. Siti aliyokalia ilikuwa na masizi. Nilipangusa, kesho yake yamerudi, alama ya mgongo na alama ya mapaja.

Tena kulikuwa na jambo la jina. Jacktone hakuwahi kuniita Magdaline wala Mama Winny. Aliniita Nyar Ugenya, binti wa Ugenya, siku ya kwanza mpaka ya mwisho, hata tukiwa tumenuniana. Huyu aliniita mama. Vile mtu anavyomwita mwanamke asiyemjua.

Na nyumbani nako, kaburi lilikataa kuota majani. Budalang'i kila kitu kinaota, ukisahau jembe nje linashika ukungu. Lakini ule udongo ulibaki mkavu, mweupe, umepasuka. Mvua ilinyesha, pembeni yake ukaona tope, juu ya kaburi ni vumbi. Nilimkuta mama mkwe amepiga magoti, ameweka kiganja chini.

"Magda, gusa."

Niligusa. Palikuwa na joto, la sufuria iliyoepuliwa sasa hivi.

"Mtoto wangu alikwenda na maji," alisema. "Kwa nini amelala pakavu?" Akanitazama na yale macho yake yenye mtoto wa jicho. "Hajafika, Magda. Na sitakufa mpaka afike. Nitamwambia nini baba yake?"

Kuanzia siku hiyo nikawa na kazi moja tu duniani, kumfikisha Jacktone kwao apumzike, na mama yake apate kupumzika.

Jioni iliyofuata nilipita Alupe polepole. Mlango ukafungwa. Harufu ikajaa.

Nilishika usukani kwa nguvu.

"Wewe unaitwa nani?" nikanong'ona.

"Jacktone."

"Nani amekuambia?"

Injini tu... na kitu fulani kwenye ile siti, kinachopasukapasuka taratibu, ile sauti ya kuni zikishika.

"Nyinyi," akasema. "Siku ile mkinifunika."

Sijui vile nilivyofika nyumbani.

Kulipokucha niliwahi Malaba bila mzigo. Omuse alikuwa anafungua gereji yake, ile ya nyuma ya maegesho ya malori, ana kikombe cha chai mkononi. Ni Mteso mnene, mcheshi, mtu wa maneno matamu. Nilimuuliza bila salamu.

"Ile distributa uliyonifungia kwa kitambaa ilikuwa ya nani?"

"Aa, Mama Winny. Si ilikuwa ya mzee."

"Njoo ukae kwenye gari."

"Kwani gari ina nini?"

"Kaa."

Alifungua mlango wa abiria. Hakukaa. Aliona yale masizi, akainama akanusa, na nikaona ile chai inaanza kumwagika kidogo kidogo juu ya viatu vyake. Hiyo harufu aliijua.

Alinipeleka nyuma ya gereji. Kule mwisho, kwenye nyasi ndefu, kulikuwa na pikapu kama yetu, au mabaki yake. Imeungua yote. Chuma kimepinda, kioo kimeyeyuka kikaganda. Siti zilikuwa zimebaki springi tupu.

"Iligongana na lori huku barabarani," Omuse alisema kwa sauti ndogo. "Ikavutwa hapa. Dereva alikuwa ndani."

"Alikuwa nani?"

"Haikujulikana. Hakuna mtu alikuja kumuulizia. Wala gari."

"Kwa hivyo ukatoa ya kwake ukanipa."

Alijikuna shingo. "Mama Winny, kuna mzee wa ng'ambo, Tororo, anaitwa Ekisa. Ana gari kama yenu. Alikuwa amenisumbua muda mrefu nimtafutie distributa orijino, ya pointi, na hiyo kitu siku hizi huipati popote. Halafu nyinyi mnasema mnaenda kuizika. Kuizika! Nikaona... kwani chuma kikizikwa kitauliza mimi ni cha nani?"

Kila mtu hapa anajua fundi hutoa orijino akakuwekea feki. Ni kitu tunachekea. Unapeleka gari, unakaa pale pale kwenye kibao unamtolea macho mpaka amalize. Siku ile sikukaa. Nilikuwa na msiba, nilienda kununua unga na majani ya chai.

Kwa hivyo tulikuwa tumemzika mgeni. Tulikuwa tumemlilia, tumemwimbia, tumempa jina na msalaba. Na Jacktone alikuwa Uganda ndani ya gari la mtu.

Nilivuka na bodaboda. Ekisa nilimpata kwake, mzee mrefu amekaa kwenye veranda anapukuchua mahindi. Uani kwake hapakuwa na gari. Nilipomwambia natafuta pikapu yake ya Peugeot, aliacha mahindi.

"Niliiuza," alisema.

"Ilikusumbua?"

"Hapana. Iliwaka vizuri sana. Tangu Omuse anifungie ile kitu, hata baridi iwe namna gani, unagusa tu." Aliangalia pale gari lilipokuwa likiegeshwa. "Ni siti."

"Siti gani?"

"Ya abiria. Haikauki. Nilitoa sponji, nikaanika, nikaweka mpya. Kesho yake maji. Maji ya tope, mama, yananuka samaki, na hapa sisi hatuna ziwa." Alishusha sauti na kuangalia mlango, kama hataki mke wake asikie. "Na asubuhi, kabla sijawasha, kuna kugonga kwa dashibodi. Ko, ko. Mwanzo nilidhani ni panya."

Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi.

"Alikuambia kitu?" nikauliza.

Hakujifanya haelewi. Nilimshukuru kwa hilo.

"Jioni moja tu. Nilikuwa natoka sokoni. Aliuliza, Nyar Ugenya yuko wapi. Mimi sijui Kijaluo. Nilidhani anauliza jina la mahali, nikamwambia hiyo barabara siijui." Mzee alifuta uso kwa kiganja. "Hakuuliza tena."

Nililia pale, mimi ambaye sikulia hivyo hata kaburini. Ekisa aliniacha nilie. Gari alimuuzia mtu aliyekuwa anaelekea kaskazini, pengine Gulu, pengine mbele zaidi, mpaka Sudan. Namba yake ilikuwa kwenye simu. Tulipiga, ikawa haipatikani. Tumepiga sana tangu siku hiyo, mimi na yeye. Haipatikani.

Niliporudi Malaba, Omuse alikuwa ananingoja karibu na Peugeot, hajafanya kazi yoyote. Nilimwambia yaliyotokea. Alitafuta neno la kunifariji, na hili ndilo alilolipata.

"Lakini ile ni orijino, mama. Haiharibiki leo wala kesho. Watamtunza."

Ningempiga. Badala yake nilifungua mlango wa gari. Nikamwona akilini yule mnunuzi nisiyemjua, mahali nisipopajua, kila asubuhi anafungua kifuniko, anasugua vile vichuma kwa msasa. Na Jacktone anaamka. Anaambiwa hiyo barabara haijulikani. Kesho anasuguliwa tena.

Nilianza safari ya nyumbani jua likiwa linazama. Alupe, mlango ukafungwa.

"Umempata?" akauliza.

"Hapana."

Tulienda kidogo.

"Nitakufukua," nikamwambia. "Nitamwambia Oluoch, tutafungua lile kaburi, tutakutoa, tutazika yago kama mama alivyosema tangu mwanzo."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Kaburi ni moja," akanong'ona. "Mkinitoa, mimi naenda wapi? Hakuna aliyekuja kunichukua." Halafu baadaye, "Na yeye, mume wako, anazungushwa huko na gari la watu. Yago haiwezi kumshika mtu anayezungushwa."

Na mimi nilijua ni kweli. Sijui nilijuaje. Nilijua vile unavyojua mtoto ana homa kabla ya kumgusa.

Hapo injini ikazima. Ile distributa ya elektroniki, isiyo na pointi, ambayo haijawahi kuzima hata kwenye maji ya magoti, ikafa katikati ya barabara kavu. Kimya kikaingia. Nikageuza ufunguo. Hakuna kitu. Nikangoja siti iwe tupu, maana siku zote nikizima anaondoka.

Hakuondoka.

Nilimsikia anapumua. Zamani alikuwa hapumui.

Kisha akainua mkono. Wa kushoto. Ukapita mbele yangu taratibu, mweusi, umeungua, ngozi imekunjamana juu ya mifupa, ukafika kwenye dashibodi mahali pale pale palipochakaa rangi.

Ko. Ko.

Gari likawaka.

"Twende nyumbani," akasema, "Nyar Ugenya."

Sikupiga kelele. Niliendesha. Ningefanya nini kingine? Harufu ya kuungua ilikuwa imepungua, na nilipofika karibu na nyumbani nikagundua siisikii kabisa.

Asubuhi mama mkwe aliniita, na katika sauti yake kulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu mafuriko. Nilitoka mbio, leso begani. Alikuwa amepiga magoti kando ya kaburi. Udongo ulikuwa umelowa, umepoa, na juu yake majani yalikuwa yameanza kuota, machache, mabichi, na yeye anayapapasa kwa vidole huku machozi yanamtoka.

"Magda, njoo uone," alisema. "Mtoto wangu amefika. Sasa hata mimi naweza kwenda."

Nyuma yangu uani, gari lilikuwa limeshawaka, na ufunguo ulikuwa mkononi mwangu.

Nilimshika bega.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Amefika."